Swali la Saba

9 Februari

Dada,

Usishtuke kupata barua. Simu yangu haijaharibika na sina habari mbaya. Naandika kwa sababu tangu Oktoba ukinipigia husikilizi ninachosema, unasikiliza kasi yake. Nikisema haraka unanyamaza. Nikisema polepole unauliza kama nimekula. Jumapili nilikwambia jirani wa juu amenunua mashine ya kufulia, ukaniuliza, "Unaisikia hata ikiwa imezimwa?" Karatasi haina kasi. Isome hii kama ungesoma barua ya mtu yeyote.

Nina ombi moja. Tarehe 23 Machi nina miadi na daktari. Ndiyo ile ya miezi sita, ambapo faili hupitiwa upya na kuamuliwa kama ugonjwa ulioandikwa ndio wenyewe, na kama dawa ziendelee. Ziendelee maana yake ni miaka, pengine maisha. Niliomba kulisoma faili langu. Ni haki ya mgonjwa, ingawa karani aliniangalia kana kwamba nimeomba funguo za jengo. Ukurasa wa kwanza ni maelezo yako. Mwandiko ni wa daktari lakini sauti ni yako, dada: "Alitoweka siku kumi na mbili. Alidanganya kwamba yuko semina. Anasema alifungiwa katika chumba kisicho na madirisha, akanyang'anywa simu, akawa anapekuliwa kila akienda chooni. Hataki kuwataja waliomfungia, anasema amekula kiapo." Chini yake daktari ameandika: ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, pamoja na kuamini yasiyokuwepo.

Kila ulichosema ni kweli. Hapo ndipo penye tatizo.

Matokeo ya mtihani wa taifa yametangazwa, kwa hiyo kiapo kimekwisha na naweza kukueleza. Kiwanda chetu ndicho kinachochapa karatasi za mtihani. Kila Septemba watu tisa huingia chumba cha ndani na hawatoki mpaka bahasha ya mwisho ipigwe lakiri. Mwaka jana nilikuwa mmoja wao, msahihishaji pekee wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa. Kila anayeingia huagizwa aage nyumbani kwamba anakwenda semina. Wenzangu walijua kutunga: semina ya nini, hoteli gani, wamepangiwa chumba na nani. Mimi nilisema "semina" nikaishia hapo. Sijui kudanganya kwa urefu.

Mwandikie daktari. Mwambie chumba kilikuwepo. Si zaidi ya hapo.

Mdogo wako,
Nukta


17 Februari

Nukta,

Barua yako imefika Jumanne. Shemeji yako alivyoiona tu akanawa mikono kabla ya kuishika, akidhani tumeitwa mahakamani.

Nikwambie ukweli. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili sikuona maneno, niliona mwandiko. Wewe ambaye tulikuita Nukta kwa sababu ulikuwa unalia mtu akisahau kuweka nukta, wewe uliyekuwa unaandika kama mashine! Sasa herufi zinatetemeka kama mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza anapoachia klachi. Ukurasa wa pili mistari yote inapanda kilima. Nimefundisha udereva miaka kumi na minne. Mtu akishika usukani tu, gari halijawaka, mimi nimeshamjua.

Kuhusu hicho chumba. Siku ya tano nilipiga simu ofisini kwenu. Wakasema hakuna semina yoyote na wewe uko likizo. Likizo, Nukta! Wewe unasema hili, wao wanasema lile, halafu siku ya kumi na tatu unafika mlangoni kwangu na hadithi ya tatu, mdomo umekauka, na nguo ulizovaa si zako. Ningemwamini nani? Hukulala siku nne. Ulikaa dirishani unasoma namba za magari na kuniambia moja kati yake imekosewa. "Ipi?" nikakuuliza. Ukasema ndiyo unayoitafuta.

Sasa unaniambia ni mambo ya mitihani. Ni maelezo mazuri. Daktari alinionya kwamba maelezo yatakuwa mazuri.

Nimempigia kuhusu mwandiko wako. Usinikasirikie. Ningekuwa mgonjwa mimi ungefanya hivyo hivyo, tena ungempelekea na orodha.

Unakula?

Dada yako


24 Februari

Dada,

Hii nimeipiga chapa kazini ili usiwe na mwandiko wa kusoma.

Mikono inatetemeka kwa sababu ya dawa. Imeandikwa kwenye karatasi inayokunjwa ndani ya boksi, mstari wa tatu. Nimeikata na kuiambatisha hapa. Wewe ulimwambia daktari kwamba natetemeka. Daktari akaniita tarehe 20, akasema huenda dozi haitoshi, akaongeza kidonge kimoja cha jioni. Kidonge hicho ni cha dawa ile ile inayoleta kutetemeka. Simlaumu wala sikulaumu, naeleza mpangilio tu. Nameza kama nilivyoandikiwa.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kuweka alama ndogo pambizoni. Wiki iliyopita mpangaji chapa alikuja na ukurasa wangu mkononi. "Samahani, dada, hii ni koma au mjusi?" Chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka. Jumatatu nikahamishiwa kwenye kalenda na kadi za harusi. Mwezi wa nne itabandikwa orodha ya watakaoingia chumba cha ndani mwaka huu. Kuna fomu ya afya. Mwenye jina la ugonjwa kama wangu haingii, na msahihishaji asiyeingia chumba cha ndani hubaki kwenye kadi za harusi mpaka astaafu.

Nilimwomba msimamizi wetu aniandikie barua ya kuthibitisha. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mwanangu, niandike kwa mhuri kwamba mitihani inachapwa hapa? Niambatishe na ramani?" Lakini amekubali kukupigia simu. Namba itakuwa imefichwa. Pokea.

Umesema nilikuwa natafuta kilichokosewa. Kilikuwepo. Siku ya kumi nilikuwa na karatasi ya hesabu. Swali la saba lilisema hivi: Tangi lina mabomba matatu. La kwanza hulijaza kwa saa sita, la pili hulijaza kwa saa kumi na mbili, la tatu humwaga tangi lililojaa kwa saa nne. Mabomba yote yakifunguliwa pamoja, tangi tupu litajaa baada ya saa ngapi?

Halijai. Kinachoingia na kinachotoka ni sawasawa. Unaweza kungoja mwaka. Niliweka pambizoni alama ya kuuliza, ile tunayoiweka pale tusipokuwa na mamlaka ya kusahihisha. Maana yake ni kwamba aliyetunga aulizwe. Wakaniambia zamu yangu imekwisha, nikalale. Sikuambiwa kilichofuata. Fikiria watoto wote wale, kila mmoja na penseli yake, mbele ya tangi lisilojaa. Mtu yeyote mwenye kazi yangu angekosa usingizi.

Nukta


4 Machi

Mdogo wangu,

Amenipigia. Nilikuwa ndani ya gari na mwanafunzi, tunazunguka kwenye mzunguko wa stendi kwa mara ya sita kwa sababu anaogopa kutoka.

"Wewe ndiye dada yake Nukta?"

"Mimi. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mtu usiyemjua na simu hii sijaipiga."

Nikajua ni tapeli. Nikamwambia kama anataka namba ya siri ya benki nitampa ya jirani.

"Usikate, mama. Mdogo wako alikuwa mahali fulani, siku fulani, na palikuwa na mlango, na funguo zilikuwa kwa askari. Nimeeleweka?"

"Na kupekuliwa?"

"Hata mimi nilipekuliwa, nina miaka sitini na moja na sina cha kuficha isipokuwa meno ya bandia. Waliyakagua pia, na nguo tulivaa za kwao."

"Na ofisini waliposema yuko likizo?"

"Walisema walivyoagizwa kusema."

Nikamuuliza basi kwa nini hawakuja kumtetea alipopelekwa hospitali. Akasema, "Tulidhani anapumzika." Halafu akakata.

Mwanafunzi alikuwa ameshazima gari katikati ya mzunguko na watu wanatupigia honi. "Mwalimu, niwashe?" Nikamwambia aache kwanza. Alikuwa hajawahi kuniona nalia, maskini, akanipa kitambaa cha kufutia kioo.

Nimemwandikia daktari. Nakala hii hapa, irekebishe kabla sijaituma, najua hutalala usipoirekebisha. Nimesema kwamba nilikosea, si kwa kusema uongo ila kwa kusema nilichokijua kana kwamba ndicho chote. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikupeleka kwa mikono yangu.

Lakini ukuta, Nukta.

Chumba nimekikubali. Barua mbili umeandika na ukuta hukuutaja. Siku ile ya nne nilirudi mchana kula, nikakuta ukuta wa sebule umejaa maandishi ya kalamu nyeusi, kutoka sakafuni hadi mkono wako ulipofika, swali hilo hilo moja chini ya jingine, na wewe umesimama juu ya stuli unatafuta nafasi. Ulinigeukia, uso umetulia kabisa, ukasema, "Nishikie hapa." Nilikushikia. Sikujua la kufanya, nikashika stuli.

Shemeji yako na mimi tulisogeza kabati la vyombo mbele yake. Bado liko pale, linaziba nusu ya dirisha.

Daktari nilimweleza kuhusu chumba. Kuhusu ukuta sikumweleza. Niliona aibu, kana kwamba nimekukuta bila nguo. Nimwambie?

Dada yako


8 Machi

Dada,

Asante. Barua yako kwa daktari ni safi. Nimebadilisha koma mbili na kuondoa neno "maskini".

Ukuta usiutaje. Faili lilikuwa na kosa na sasa linasahihishwa. Ukiandika jambo jipya siku ile ile unayofuta la zamani, msomaji hubaki na jipya. Niliandika ukutani kwa sababu kulikuwa na kosa na nyumbani kwako hakuna karatasi isipokuwa fomu za leseni. Mtu anayerudia jambo la kweli si mgonjwa, ni mbishi. Familia yetu imejaa wabishi na hakuna mwingine anayemeza vidonge.

Ukitaka uhakika, sogeza kabati usome.

Nukta


14 Machi

Nukta,

Tumelisogeza. Shemeji yako ameumia kidole cha mguu na anakusalimu.

Umesema nisome, nimesoma. Mistari ni arobaini na mitatu. Mwandiko ni ule wako wa zamani, umenyooka kama umepigwa rula, hata ule wa juu ulioandika umenyoosha mkono. Nakunakilia wa kwanza neno kwa neno: "Tangi lina mabomba matatu. La kwanza hulijaza kwa saa sita, la pili hulijaza kwa saa kumi na mbili, la tatu humwaga tangi lililojaa kwa saa nane."

Nane, mdogo wangu. Kwenye barua yako uliandika nne. Nikadhani umepitiwa mara moja, nikaenda mstari kwa mstari na kidole. Yote arobaini na mitatu ni nane. Hakuna nne popote.

Shemeji yako alifanya hesabu nyuma ya bahasha yako. Unajua yeye na hesabu, hata mimi alinipata kwa kunifundisha hesabu za sehemu. Akasema, "Linajaa kwa saa nane kamili. Swali zuri." Halafu akaniangalia akatamani kulimeza neno lake. Jana alikwenda duka la vitabu akanunua karatasi ya mtihani wenyewe. Swali la saba. Nane.

Karatasi hiyo inauzwa tangu Januari, kila mtu anaiona. Wewe ambaye hupiti hata mabango ya barabarani bila kuyasahihisha, kwa nini hukuitafuta?

Barua yangu kwa daktari imeshakwenda kama ulivyoirekebisha. Ukuta haumo, na sitaongeza neno usilolitaka. Nakala ya mistari yote naiweka humu ndani. Ni yako. Shemeji yako ananunua rangi, nimemwambia angoje.

Sikuulizi kama unakula.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Nimeikagua nakala yako. Haina kosa.

Yanawezekana mambo mawili. La kwanza: prufu ilisema nne, alama yangu pambizoni ilisomwa nikiwa nimelala, aliyetunga akaulizwa, ikawa nane. Nilichoandika ukutani kwako ni swali lililokwisha kusahihishwa, na nilikuwa nahakikisha kwamba limekaa. La pili: prufu ilisema nane tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeona nne, na nimeendelea kuiona kwa miezi sita huku mkono wangu mwenyewe umeandika nane mara arobaini na tatu.

Prufu ingeamua. Lakini prufu zote huchomwa siku ya kumi na mbili, ndani ya pipa, uani, sote tisa tukitazama na kutia sahihi kwamba tumetazama. Fimbo ya kukoroga majivu nilishika mimi.

Nimemuuliza msimamizi. Alifikiri kwa uaminifu, nilimwona. "Mwanangu, mle ndani tulisahihisha mambo kama mia mbili. Ninachokumbuka mimi ni kwamba chai ilikuwa mbaya."

Umeuliza kwa nini sikuitafuta karatasi. Duka liko mtaa wa nyuma ya kiwanda. Mitihani wanaitundika kwa vibanio mlangoni, ya hesabu iko juu, ukipita inakugusa bega. Nimepita mara tatu tangu Januari. Mara zote tatu, kabla sijafika, nilivuka barabara.

Nukta


24 Machi

Dada,

Jana nilikwenda. Hii naandika kwa mkono. Mwandiko ni kama unavyouona, na sababu yake sasa tunaijua wote.

Chumba cha daktari kina meza moja, viti vitatu na saa iliyotundikwa nyuma ya mgonjwa, ili daktari aione bila mgonjwa kujua. Barua yako ilikuwa imeshafunguliwa mbele yake. Alisema imeandikwa vizuri. Sikumwambia kuhusu koma.

Niliweka mezani vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa bahasha.

"Hii ni nini?"

"Kidonge cha jioni, kile ulichoongeza. Sijameza hata kimoja."

"Viko vingapi?"

"Thelathini na kimoja."

"Umevihesabu?"

"Ni tabia ya kazi."

Kwa hiyo tarehe 24 Februari nilikudanganya, nikisema nameza kama nilivyoandikiwa. Nimejifunza kudanganya kwa urefu. Daktari alikasirika, ila kwa sauti ya chini. Alisema dawa hii si ya mtu kujipangia mwenyewe sebuleni kwake, iwe kwa kuongeza au kwa kupunguza, na kwamba kama nilikuwa na shaka ningemletea shaka hiyo siku ile ile. Alikuwa sahihi, nikamwambia hivyo.

Cha pili kilikuwa nakala yako ya ukuta. Alisoma mistari kumi hivi, akaruka ya katikati, akaenda wa mwisho. Nilitamani kumwambia asiruke.

"Ungeniletea barua ya dada yako peke yake," akasema, "leo ningelifuta jina hili."

"Najua."

"Basi hii umeileta ya nini?"

"Ungekuwa umefuta kwa kusoma nakala isiyokamilika."

Akaegemea kiti, akaangalia ile saa nyuma yangu, na nadhani muda wangu ulikuwa umekwisha, lakini hakuinuka. Akaniuliza kuhusu siku zile kumi na mbili, saa ngapi nililala kila siku, nani aliamka nani akalala, nikamjibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mwisho akasema mtu aliyefungiwa namna ile, bila mwanga wa jua wala usingizi wa maana, anaweza kuandika ukuta mzima na asiandike tena maishani mwake. Na mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kuanza hivyo hivyo. "Wewe ni yupi, leo sijui. Nikisema najua nitakuwa narudia nililolifanya Oktoba."

Kidonge kilichoongezwa kimeondolewa. Vingine vitapunguzwa kidogo kidogo, kila hatua baada ya kupimwa damu, na yeye ndiye atakayepunguza. Kila asubuhi niandike nimelala saa ngapi. Mtu mmoja wa karibu awe na ruhusa ya kumpigia akiona mabadiliko. Nimekuandika wewe. Sasa una haki ya kusikiliza kasi ya maneno yangu, lakini nakuomba usikilize na maneno pia. Faili litapitiwa tena Septemba. Kwa hiyo mwaka huu chumba cha ndani siingii, na orodha itabandikwa bila mimi. Leo asubuhi nimesahihisha kadi ya harusi ambamo bwana harusi alikuwa ameandikwa mara mbili na bibi harusi hayumo.

Kabla sijatoka aliligeuza faili upande wangu ili nione anachofanya. Nilitaka mstari, dada. Kwa miezi sita nimeuota mstari ulionyooka juu ya jina lile. Alichukua penseli akaweka alama ya kuuliza kando yake, pambizoni, pale pale ambapo ningeiweka mimi. Halafu akafunga.

Mwambie shemeji asipake rangi bado. Nitakuja Jumamosi na gari la saa tatu. Nataka kuusoma ukuta ule mara moja, kuanzia juu hadi chini, halafu niupake mwenyewe. Ukiniona naanza kurudia, usiseme kitu. Nipe brashi.

Nukta